Utomvu Kwenye Sinki ya Bi Igoki

Kathambi alipotoka na karai la nepi kwenda kuanika, mkwewe Kinoti alingoja mpaka akasikia mlango wa nyuma umefungwa, ndipo akaingia jikoni kuchukua maji ya kunywa. Ndivyo walivyoishi tangu mama mkwe huyo awasili kutoka Kibirichia, kule Meru, kuja kumuuguza binti yake: jikoni palikuwa pake, na mkwe aliingia yeye akiwa ametoka. Kinoti akafungua mfereji, akakinga kikombe, macho yakamwangukia ndani ya sinki. Kikombe kilijaa, kikafurika, maji yakamlowesha mkono wa shati, naye bado anatazama.

Sinki hiyo siku zote ilikuwa nyeupe pepepe. Sasa michirizi ya kahawia iliyokolea iliteremka kutoka ukingoni hadi kwenye tundu la maji. Katikati palikuwa na duara jeusi, mahali ambapo rundo la kitu fulani lilikuwa limelala muda mrefu, na kwenye ukingo zilikuwapo alama za vidole vinne, kama za mtu aliyechovya mkono katika lami akajishikilia asianguke. Kinoti alisugua kwa kidole gumba. Hazikutoka. Akajaribu ukucha. Hazikutoka.

Katika nyumba nyingine jambo hilo lisingemnyima mtu usingizi. Lakini nyumba hii, pembeni mwa soko la Kianjokoma, ilikuwa ya Bi Igoki, na sinki ilikuwa ya Bi Igoki zaidi ya nyumba yenyewe. Siku aliyokuja kumwonyesha Kinoti vyumba, mjane huyo alianzia jikoni. "Vyumba ni vyumba," alisema. "Hii ndiyo kitu." Ilikuwa sinki nzito ya chuma, imepakwa rangi ile ngumu inayong'aa kama kigae, na marehemu mumewe aliitoa Nairobi ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro. Bi Igoki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Leo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi angekuja na akina mama wa kanisa kumwona mtoto mchanga, na kama ilivyo kawaida wangekuja na vyakula vibichi wavipike palepale. Bi Igoki angeiona sinki kabla hajamwona mtoto.

Hata hilo silo lililomkausha Kinoti mate. Ugomvi na mwenye nyumba huzungumzika. Kilichomtisha ni swali ambalo Bi Igoki angeuliza kwa sauti, mbele ya wanawake wote, Kathambi akiwa amesimama papo hapo: ni nani amenichafulia sinki?

Kwa maana Kathambi alijulikana. Binti yake mkubwa, Ntinyari, alipojifungua kule Nkubu, Kathambi alikwenda kumtunza vivyo hivyo. Siku moja ikatokea kutoelewana juu ya chumvi katika supu. Akaweka mwiko chini, akafunga kikapu chake, akaondoka sufuria ikiwa bado motoni. Mtoto wa Ntinyari sasa alikuwa anakimbia, na bibi yake hakuwa amekanyaga tena katika boma lile.

Na hapa Kianjokoma hapakuwa na mtu mwingine. Kiende, mke wa Kinoti, alikuwa amejifungua kwa upasuaji hospitalini Embu, mshono ukafunguka kwenye pembe moja, na daktari akamkataza kuinua hata ndoo. Mtoto alizaliwa mdogo, wa kunyonyeshwa kidogo kidogo usiku na mchana. Mama yake Kinoti alikuwa amefariki. Kinoti mwenyewe, mwalimu wa kemia, alikuwa nyumbani kwa sababu tu ilikuwa likizo ya Aprili, mwaka huo wa tisini na moja. Shule zikifunguliwa angeondoka asubuhi na kurudi jioni. Kathambi ndiye aliyepika, akafua, akamwosha mtoto, akasafisha kidonda cha binti yake kwa maji ya chumvi. Tangu aje, mtoto alikuwa ameanza kutengeneza mashavu. Akiondoka, kila kitu kingesimama.

Kinoti alikohoa ukumbini, akaingia chumba kidogo ambamo mkewe alilala na mama yake na mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki peke yake katika chumba kikubwa, kama mpangaji.

"Sinki imefanya nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sinki gani?"

"Kwani tuna ngapi? Imekuwa nyeusi."

Kiende alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine, akawaza. "Ndizi," alisema. "Jumanne mvua ilikataa kuacha, akamenyea ndani. Nilimsikia akizimenyea majini, nikadhani ni viazi."

"Na maganda?"

"Yalilala humo. Nyumbani maganda ya viazi yanalala kwa beseni mpaka asubuhi."

Hapo Kinoti akaelewa. Kibirichia ni nchi ya viazi. Mwanamke wa kule anaweza kumenya gunia zima akiongea na wageni, asipoteze nyama ya kiazi hata kidogo, na akimaliza chombo anakisuuza tu. Ndizi mbichi hununuliwa sokoni, mara mojamoja. Hapa Kianjokoma, kila msichana anajua kwamba ndizi humenyewa nje, juu ya gunia, mikono ikiwa imepakwa mafuta. Kathambi alizimenya ndizi kama viazi.

"Mwambie asimenyee humo tena," Kinoti alisema.

"Mimi?"

"Mimi siwezi kumwambia. Unajua siwezi."

Kweli hakuweza. Kwa Wameru, mkwe na mama mkwe hukaa mbalimbali kwa heshima wanayoiita nthoni. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na neno zito hupitia kwa mtu wa tatu. Katika nyumba ile ndogo kila mmoja alikohoa kabla ya kupita, na mwingine akapisha.

"Nimwambie mama yangu kwamba ni mchafu?" Kiende aliuliza.

"Nani amesema mchafu? Ni utomvu."

"Hata Nkubu ilikuwa chumvi tu, Kinoti. Mwambie, halafu jioni utapika wewe, utafua wewe, na hiki kidonda utakiosha wewe."

Mtoto alipiga chafya, wote wawili wakamtazama kwa hofu, kisha akalala tena.

"Basi nitautoa mimi kabla ya Jumamosi," alisema.

"Na asijue."

"Hatajua."

"Si wewe ni mwalimu wa kemia?" Kiende alisema, akijaribu kucheka bila kutikisa tumbo. "Hayo ni mambo yako."

Mchana ule Kathambi alikwenda kwa jirani kufuata maziwa. Kinoti aliingia jikoni kabla lango halijafungwa vizuri, akamwaga sabuni ya unga ndani ya sinki, akachukua waya wa kusugulia sufuria. Alisugua kwa mviringo, kwa nguvu, mpaka mkono ukaanza kuuma begani, huku sikio moja likiwa barabarani. Aliposuuza, doa lilikuwa limekuwa kubwa zaidi. Kahawia ilikuwa imegeuka nyeusi yenye ubuluu, na zile alama za vidole, ambazo mwanzoni zilikuwa na mipaka, sasa zilikuwa wingu moja. Akasugua tena. Wingu likakolea. Kikohozi kikasikika langoni. Kinoti alifinika sinki kwa karai, akatoka kupitia ukumbini, akakaa sebuleni na gazeti la zamani, mapovu yakimkauka viganjani.

Jioni chakula kililetwa mezani kama kawaida, naye akakila peke yake bila kujua ni chakula gani.

Ijumaa asubuhi Kathambi alitoka na nepi kwenda kufulia kwenye tangi la maji ya mvua, nyuma ya nyumba. Kinoti alikuwa amekwisha nunua chupa ya dawa ile kali ya kung'arishia nguo nyeupe. Akaimimina juu ya doa. Weusi ulianza kufifia haraka hivi kwamba moyo wake uliruka kwa furaha, na papo hapo ukatua. Chini ya weusi ilikuwa inajitokeza rangi nyingine, rangi ya kutu, na umbo lake halikuwa tena la maganda wala la vidole. Ilikuwa miviringo. Ilikuwa njia ya mkono wake mwenyewe, jinsi alivyosugua jana.

Alisimama akiishika chupa, akafikiri kama ambavyo alipaswa kufikiri tangu mwanzo. Utomvu wa ndizi una tanini, kitu kilekile kinachoyapa majani ya chai ukali wake. Tanini ikikutana na chuma huzaa wino. Yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu kutengeneza wino kwa majani ya chai na misumari yenye kutu, nao wakaandikia majina yao. Waya wa sufuria ni chuma. Alikuwa ametengeneza wino ndani ya sinki ya Bi Igoki, akausambaza kwa bidii. Sasa dawa ilikuwa imeua wino na kubakiza kutu.

Kulijua jambo kulimtuliza kidogo. Kutu hutolewa na asidi, na asidi ilikuwapo rafuni, ndani ya malimau. Gundi ya utomvu ingelainishwa na mafuta ya taa. Alikata limau, akalinyoosha juu ya sinki, akaanza kulikamua. Kabla tone halijaanguka harufu ya dawa ilimpanda puani, naye akaurudisha mkono kana kwamba ameugusisha moto. Asidi juu ya dawa ile hutoa gesi inayounguza kifua. Upande wa pili wa ukuta alilala mtoto ambaye mapafu yake bado yalikuwa yanajifunza kazi.

Aliliweka limau mbali, mwisho wa rafu. Akafungua dirisha. Akafungua mfereji hadi mwisho na kuyaacha maji yapite, akainama akanusa, akayaacha yapite tena. Nje, Kathambi alikuwa akizipigapiga nepi kwenye jiwe, na mlio huo ulikuwa ndiyo saa yake. Ukiendelea, anao muda. Akanusa tena. Bado harufu.

Mlio ukakoma.

Kikohozi kikaja kwenye mlango wa nyuma. Kinoti naye alikohoa, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, na kwa kukohoa akawa ametangaza kwamba yumo. Hakuwa na la kufanya ila kutoka upande wa pili. Alifika sebuleni ndipo akakumbuka kwamba hakuifinika sinki, na kwamba chupa ya dawa ilikuwa wazi juu ya ukingo.

Hakuna kelele iliyotoka jikoni. Angesikia sufuria ikibamizwa angepumua.

Ilipokaribia adhuhuri alisikia harufu ya moshi. Kisha Kiende akagonga ukuta kwa kiganja, ishara waliyokubaliana ya kumwita.

"Umefanya nini?" Kiende alimuuliza kabla hajaketi.

"Nimefanya nini?"

"Mama amehamia nje. Amewasha jiko chini ya paa la nyuma. Ametoa sufuria zote, na kikombe chake amekitenga, anakiosha peke yake kwa ndoo."

"Lakini mvua inakuja."

"Nimemwambia. Amesema mvua haina dharau."

Kinoti aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Anasema nikuambie ameona," Kiende aliendelea, macho yakimjaa maji. "Jana akitoka unaingia na sabuni. Leo akitoka unaingia na dawa ya chupa, anasema ni ile ya kuoshea sakafu za hospitali. Anasema unaosha mahali alipogusa. Kama ana ugonjwa, aambiwe ni ugonjwa gani."

"Mungu wangu."

"Kesho anaondoka na gari la kwanza. Hataki wanawake wa hapa wamkute. Kikapu amefunga tayari, kiko pale."

Kilikuwa pale, nyuma ya mlango, kimefungwa kwa leso mara mbili. Kinoti alikitazama. Alikuwa mtu wa kupima mambo, akajilazimisha kupima hili pia. Kathambi alikuwa amewekewa mbele yake vitu viwili vya kumwaibisha: kwamba alichafua sinki, au kwamba mkwewe anamwonea kinyaa. La kwanza lilikuwa kweli na dogo. La pili lilikuwa uongo na kubwa, na ndilo aliloliamini.

"Mweleze wewe," alimwambia mkewe.

"Nikisema mimi atajua nakufunika."

"Basi nani?"

Kiende alimtazama tu, akiwa amemshika mtoto.

Kinoti aliingia jikoni. Sinki ilikuwa chini ya dirisha, na nje ya dirisha, chini ya paa, Kathambi alikuwa ameketi kwenye kigoda akiwa ameupa ukuta mgongo. Kutoka pale alipokuwa, Kinoti aliona kitambaa chake cha kichwa tu, na mvuke wa sufuria. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanagonga bati. Kinoti alikohoa. Kathambi hakukohoa, lakini hakuinuka pia.

Kinoti aliielekea sinki; harufu ya dawa ilikuwa imekwisha.

"Mama, mimi hapa nazungumza na sinki," alisema. "Kama mtu anasikia, asikie."

Mwiko ulizunguka ndani ya sufuria, ukazunguka tena.

"Na sinki inasema nini?" Kathambi aliiuliza sufuria.

"Inasema ina utomvu wa ndizi. Za Jumanne."

Mwiko ukasimama. "Viazi haviachi kitu."

"Haviachi. Ndizi huacha. Si uchafu, ni maji yaliyo ndani ya ganda. Yakikaa juu ya kitu cheupe yanang'ang'ania. Halafu mimi nikasugua kwa waya, ikawa mbaya zaidi. Hii yote unayoiona sasa ni mkono wangu."

"Lakini mwanzo ni mimi."

Kinoti alitamani kusema hapana. Neno lilikuwa rahisi, lilikuwa tayari ulimini. Alilitazama doa.

"Mwanzo ni wewe, Mama," alisema. "Mimi nikazidisha."

Mvua iliongezeka. Kinoti alisubiri kigoda kisogee, alisubiri sufuria iepuliwe. Akashika ukingo wa sinki pale palipokuwa na zile alama za vidole.

"Na ile dawa ya chupa?"

"Ya doa."

"Si yangu mimi?"

"Si yako, Mama. Hata kidogo."

"Una mdomo wa kufundisha watoto wa watu. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaondoka. Kama Nkubu."

Kathambi aliugonga mwiko ukingoni mwa sufuria.

"Ulisikia niliondoka Nkubu kwa sababu ya chumvi," alisema.

"Ndivyo nilivyosikia."

"Chumvi ilizidi. Mkono uliteleza, niliijua mwenyewe nikionja. Hakuna aliyesema chumvi imezidi. Walisema, mama, supu yako ni tamu sana, asante. Halafu wanazunguka nyuma ya nyumba wanaimwaga. Kila siku tamu, kila siku wanamwaga. Niliwakuta kuku wakila nyama yangu." Alikoroga kwa nguvu. "Wangesema ni mbaya ningepika nyingine. Kwani mimi sina masikio?"

Kinoti alihisi uso unamchoma. Kwa miaka yote familia nzima ilikuwa imeisimulia habari hiyo kinyume, na yeye alikuwa ameijenga hofu yake yote juu yake, hatua kwa hatua, bila kuuliza.

"Kwa hiyo na wewe ulikuwa unamwaga supu," Kathambi alisema.

"Ndiyo, Mama."

Mvua sasa ilikuwa imeingia chini ya paa. Makaa yalianza kulowa na kutoa moshi mweupe. Kathambi alilivuta jiko karibu na ukuta.

"Inatoka?" aliuliza.

"Kutu itatoka kwa limau na chumvi. Utomvu kwa mafuta ya taa. Kivuli sijui, huenda kikabaki."

"Na mwenye nyumba naye anakuja kesho?"

"Anakuja, na akina mama."

"Ondoka hapo," alisema Kathambi.

Kinoti hakuelewa kama lilikuwa neno la hasira au la kazi. Alikohoa, akatoka kupitia ukumbini, na nyuma yake akasikia mlango wa nyuma ukifunguka. Baadaye kidogo sauti ya kusugua ikaanza, ya taratibu, ya mtu anayejua kupima nguvu zake. Kisha mwito: "Kiende! Muulize mwalimu wako hii limau inakaa muda gani!"

"Kidogo tu!" Kinoti alipaza sauti kutoka sebuleni, akisahau kupitia kwa mtu wa tatu. "Ikikaa sana itaondoa kung'aa!"

Kusugua kukasimama. Kisha kukaendelea.

Kikapu hakikufunguliwa. Kiende alimwambia hivyo jioni, na akamwambia hivyo tena Jumamosi alfajiri. Gari la kwanza la Meru lilipiga honi stendi. Kinoti, akiwa amelala macho wazi, alisikiliza hatua ukumbini. Honi ikapigwa tena, injini ikanguruma, ikapanda kilima na kupotea. Kupitia ukuta alisikia maji yakimiminwa beseni na mtoto akilia kwa sababu anaogeshwa. Hiyo ilimaanisha kwamba Kathambi hakuondoka na gari la kwanza. Haikumaanisha zaidi ya hapo. Magari yalikuwapo hadi jioni.

Wanawake walifika mvua ilipopumzika, mbele yao Bi Igoki, wamebeba mikungu miwili ya ndizi, maharage meusi ya njahi, na kuni zilizofunikwa nailoni. Kinoti aliwasalimia, akapokea pongezi, akawapisha. Mwanamume hana nafasi katika nyumba iliyojaa wanawake wa kuona mtoto. Lakini hakwenda mbali. Alizunguka nyuma, akaketi kwenye kigoda chini ya dirisha la jikoni, mahali pale pale alipoketi mama mkwe.

Alisikia vitasa, vicheko, mtu akisifu paji la uso la mtoto. Kisha sauti ya Bi Igoki ikaingia jikoni, ikitangulia mwili wake.

"Wacha kwanza niisalimie sinki yangu." Mfereji ulifunguliwa, ukafungwa. "Na hii ni nini?"

Kinoti alijua anachokionyesha. Kutu ilikuwa imetoka yote, na ukingoni hapakuwa tena na doa, lakini kuzunguka tundu la maji palibaki kivuli, kama cha chai ndani ya kikombe cha zamani. Akafumba macho.

"Ni mimi," alisema Kathambi. "Nilimenyea ndizi humo."

"Ndizi? Kwa sinki?" Bi Igoki alianza kucheka, kicheko kikapanda, wanawake wengine wakaja mlangoni kuona. "Uuui! Njooni mwone! Nyinyi watu wa viazi jamani! Ndizi inamenyewa nje, mkono uwe na mafuta. Hata mtoto wa nasari anajua!"

Jikoni kote wakacheka. Kinoti alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini. Alijua sauti atakayoisikia sasa: mlango, kikapu, hatua za kwenda barabarani.

"Mtoto wa nasari wa hapa," Kathambi alijibu. "Wa kwetu anajua viazi. Nilipita kwa ile hoteli ya sokoni nikawaona mkimenya. Ganda nene kama soli ya kiatu! Nikasema hawa watu, kinachobaki kwa sufuria ni nini?"

Kisha kicheko kikalipuka upya, na hiki kilikuwa kikubwa zaidi, na ndani yake Bi Igoki alikuwa akipiga makofi.

"Huyu ana mdomo! Mwalimu alimficha wapi huyu?" Akaishusha sauti. "Lakini hii alama, mama, itatoka?"

"Mkwe wangu anasema kivuli hana hakika nacho."

"Mimi nitarudi kukiangalia. Sikuachii hiyo. Kisipotoka tutagombana kabisa."

"Rudi."

"Basi leta mafuta na gunia, twende nje nikufundishe ndizi kabla hujanimalizia na ukuta."

Mlango wa nyuma ukavutwa. Kinoti alikohoa kwa mshtuko, akaruka kigoda, akakata kona ya nyumba akiwa ameinamisha kichwa, huku nyuma yake wanawake wakipiga kelele za furaha kwamba mwalimu alikuwa amejificha kama mwizi wa kuku.

Walipoondoka wote jua lilikuwa limeanza kuinamia magharibi. Kiende aligonga ukuta.

"Mama anasema," alianza, "ukipata gari linaloenda Kibirichia, umpelekee Runji neno." Runji alikuwa mdogo wake Kiende, aliyebaki na boma. "Ng'ombe aendelee kumkamua yeye mpaka mvua iishe. Na viazi vya shamba la juu avipalilie bila kumngoja."

Kinoti aliketi taratibu. "Mpaka mvua iishe."

"Ndivyo alivyosema." Kiende alimfunika mtoto miguu. "Na akasema, ukichoka naye kabla ya hapo, umwambie kwa mdomo. Asikukute tena na chupa."

Nyuma ya ukuta, upande wa jikoni, mtu alikohoa, akiomba njia. Kinoti aliinuka akapisha, akavaa koti, akaenda stendi kuuliza gari la Kibirichia.